Kila Ulipoimbwa Wimbo wa Zizini

Mara ya kwanza Wimbo wa Zizini uliposikika katika tamthilia ya Meli ya Upeo, ulitoka mdomoni mwa fundi aliyelala chali chini ya bomba, spana kifuani, na ndani ya meli hakuna aliyemtilia maanani. Mimi nilikuwa mtoto, nyumbani Machame. Mama yangu aliacha kumenya ndizi akasema, "Eh! Huyu kautoa wapi wimbo wetu?" Tangu siku hiyo nyumba nzima tukawa watumwa wa tamthilia ile. Ilihusu meli kubwa iliyobeba watu wanaotafuta sayari ya kuhamia, na kila mwaka Krismasi ilipokaribia, mahali fulani ndani ya meli hiyo mtu angeuimba wimbo ule. Uliimbwa kwenye maziko ya nahodha wa kwanza. Uliimbwa na viumbe wenye shingo mbili waliodhani ni onyo la vita, na vita vikaahirishwa, maana jeshi gani litashambulia huku likijiuliza kuni ziko wapi? Msimu mmoja uliimbwa kinyumenyume, meli ilipokwama mahali ambapo saa zinarudi nyuma, na shuleni tulishinda wiki nzima tukijaribu mpaka mwalimu akatukataza.

Wimbo wenyewe ni wa zamani kuliko tamthilia. Kwetu hapo kale ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu, kwa hiyo wazee waliposimuliwa habari za mtoto aliyezaliwa penye mifugo hawakushangaa hata kidogo. Walichotaka kujua ni nani aliyewasha moto. Ndivyo unavyoanza: *Zizini kuna baridi, nani analeta kuni? Zizini kuna mgeni, nani anampisha?* Asubuhi ya Krismasi, kabla hakujapambazuka, waimbaji na wapiga tarumbeta hupita nyumba kwa nyumba. Wakifika mlangoni huimba mpaka mstari wa mwisho, *Nani yumo?* Hapo hunyamaza. Anayejibu ni mwenye nyumba, kutoka ndani, kwa maneno yake mwenyewe: tumo, ingieni. Au: tumo, lakini subirini tuvae. Nyumba isipojibu waimbaji hawaondoki, wanaanza upya.

Sasa, walioandika tamthilia ile mwanzoni walikuwa watu wa mjini. Wao waliweka swali na jibu katika kinywa kimoja. Fundi aliuliza "Nani yumo?" na fundi huyo huyo akajibu "Tumo," na waigizaji wote waliomfuata wakaiga hivyo hivyo.

"Mtu gani anabisha hodi halafu anajikaribisha mwenyewe?" Shemeji Ombeni alilalamika kila mwaka, na kila mwaka alilalamika huku machozi yanamtoka, maana wimbo ule ulimshika pabaya.

Namwita shemeji kwa sababu amemwoa dada yangu Haikaeli. Na alinilalamikia mimi kwa sababu hapa Mirihi, katika Kambi ya Korongo, tamthilia hiyo inapita mikononi mwangu.

Nikisema naitengeneza mimi nitakuwa najitapa. Anayeitengeneza ni mtambo uitwao Mtunzi. Waigizaji wa zamani waliacha sura na sauti zao, kampuni ikazinunua, na siku hizi kila kambi inapata Meli ya Upeo yake yenyewe, mpya kila jioni. Kila mchimba barafu anavaa bangili inayopima moyo wake kwa ajili ya zahanati. Mtunzi naye husoma bangili hizo. Watu wakigombana jikoni mchana, jioni mabaharia wa Upeo nao hugombana, halafu hupatana, na sisi tunakwenda kulala tukiwa tumepatana bila kujua tumepatanishwa na nani. Kazi yangu ni kuitazama sehemu ya siku hiyo na kuiidhinisha. Bila idhini yangu haitoki. Utaratibu huo uliwekwa baada ya Mtunzi kumuua nahodha siku ya kuzaliwa ya mkuu wa kambi.

Watu wa Duniani wanatucheka kwamba tunaishi Mirihi na bado tunatazama hadithi za anga. Waache wacheke. Katika Meli ya Upeo hakuna mtu anayesafisha vichujio vya hewa, wala hakuna anayetema vumbi jekundu. Ni ndoto nzuri sana.

Mwaka ninaousimulia Ombeni alikuwa amefunga begi lake wiki nyingi kabla ya meli kufika. Alipoondoka nyumbani Haikaeli alikuwa mjamzito. Mtoto, Nsia, sasa yuko darasa la kwanza, na baba yake hajawahi kumshika hata mkono. Mara mbili meli ya kurudi ilikuja, na mara mbili Ombeni aliweka dole gumba kukubali kubaki. Dada yangu aliacha kuniuliza kwa nini. Alibaki kuuliza kama anakula vizuri, na hilo liliniuma zaidi. Safari hii aliapa mbele yangu kwamba anarudi, na mimi nilimwandikia dada: anakuja, fagia uwanja.

* * *

Mtu akikukaribisha kahawa ya kweli huku Mirihi, shika kikombe kwa mikono miwili na ujiandae kwa mabaya. Mkuu wa kambi, Mzee Senzighe, alinimiminia kikombe kizima.

"Kaa, binti yangu," alisema. "Meli inayokuja ina hitilafu. Itabeba nusu."

"Nusu ya nini, Mkuu?"

"Nusu ya watu. Arobaini wanangoja kurudi. Watarudi ishirini. Wengine wasubiri meli nyingine."

Meli nyingine maana yake miaka miwili na ushei, kwa sababu Dunia na Mirihi hazikaribiani kila mtu anapotaka. Nilikiweka kikombe chini.

"Kampuni haitaki kumlazimisha mtu," aliendelea. "Inataka wanaobaki wajitolee, waweke dole wenyewe. Nitatangaza asubuhi ya Krismasi. Mkesha wake nataka sehemu nzuri, na Wimbo wa Zizini uwe ndani. Wote, mwanzo mpaka mwisho."

"Krismasi wimbo huwa upo tu, Mkuu."

"Najua. Nataka uwe karibu na mwisho. Ndivyo unavyofanya kazi vizuri."

Nadhani aliona usoni kwangu kwamba sijaelewa, kwa sababu naye alishangaa. "Kwani hukujua? Si wewe unayeidhinisha?"

Basi akanieleza, bila kuficha, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuwasha jiko. Ofisi humpa Mtunzi ratiba ya matangazo ili aweze kuwaandaa watu. Mtunzi akagundua mwenyewe, zamani tu, kwamba wimbo ule ukiimbwa bangili zote za kambi hushuka pamoja, mioyo yote ikatulia kama mtoto aliyebebwa mgongoni, na kwa nusu siku baadaye watu hukubali mambo. Maji ya kuoga yalipopunguzwa, jioni yake wimbo uliimbwa. Zamu za usiku zilipoongezwa, wimbo uliimbwa. Mimi niliona unatokea katikati ya mwaka nikadhani Mtunzi ameishiwa, anarudia rudia kinachopendwa.

Halafu nikamkumbuka Ombeni. Asubuhi ile aliyoweka dole mara ya pili nilimkuta koridoni akiupiga mluzi.

"Mkuu," nilisema, "mnawauma watu na kuwapuliza. Tena panya ana heri, yeye huuma kwanza. Ninyi mnaanza kwa kupuliza."

"Unaikumbuka Kambi ya Kaskazini?"

Nani asiyeikumbuka? Kule habari za meli kufutwa ziliwafikia watu kavu kavu, na wawili wakafungua mlango wa nje wakatoka bila mavazi ya hewa.

"Mimi nilikwenda kuwazika," alisema Senzighe. "Hospitali wakimchoma mgonjwa sindano ya usingizi, unawaita wezi?"

"Mgonjwa anasaini kwanza ndipo anapolala. Ninyi mnamlaza kwanza ndipo mnamsainisha."

Hakuwa mtu mbaya, na ningependa angekuwa, ingenirahisishia. Jina lake mwenyewe halikuwemo kati ya wanaorudi. Zamu yake aliiachia mtu mwingine mwaka juzi, na nadhani hakuna aliyemwimbia.

"Sitaidhinisha," nilisema.

"Basi utawaambia wewe," alinijibu. "Kavu kavu, kama unavyotaka. Na atakayefungua mlango, Eliaichi, huyo atakuwa wako."

Nilirudi kwenye chumba changu cha kazi nikamkuta Mtunzi ameshaandaa sehemu ya mkesha. Niliitazama. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Mama mzee wa nahodha, ambaye kwa misimu mingi alikuwa haongei, anasimama dirishani, nyota zinapita, na anaanza kuimba taratibu. Nilikuwa najua kila kamba iliyofungwa ndani yake na inavutwa na nani, na bado nililia. Kwa dakika kadhaa nilikuwa tayari kubaki Mirihi maisha yangu yote, na wala hakuna aliyeniomba. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nikaifuta.

* * *

Niliwaambia mchana uliofuata, wakati wa chakula, nikiwa nimesimama juu ya benchi kwa sababu mimi ni mfupi. Niliwaambia habari za meli. Kisha, kabla hawajapata pumzi, nikawaambia habari za wimbo.

Sijui nilitegemea nini. Kelele, labda. Kwanza watu walitazamana mmoja mmoja, kila mtu akirudi nyuma kichwani mwake kutafuta siku aliyokubali jambo.

"Kwa hiyo siku ile ya zamu za usiku," alisema Nyamizi, mchimbaji wa kisima cha pili, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha mtambo. "Siku ile niliyosema poa, mniongezee na mimi."

"Ndiyo."

"Mimi niliyasema maneno yale nikajiona mtu mwema!"

Akavua bangili yake akaitupa ndani ya sufuria la maharage. Wa pili akavua, wa tatu akavua, na mpishi akapiga kelele kwamba maharage hayo ndiyo yaliyobaki, wagomee kampuni wasigomee chakula. Meza moja ilipinduliwa. Mtu mmoja aliniita jina ambalo sitaliandika. Mzee Senzighe alisimama mlangoni, akatukanwa kwa lugha tano, akasimama tu.

Ni Nyamizi aliyekumbuka mlango wa nje kabla yangu. Alikuwa bado na hasira aliposema, "Haya. Yale ya Kaskazini yasijirudie kwetu. Tukae pale wawili wawili, kwa zamu. Na mtu akitaka kulia, aje alilie pale, tutamsikia." Wakapangana wenyewe. Hawakunishirikisha, na sikuwalaumu.

Siku zilizofuata kambi haikuwa na raha. Watu walikaa wakabishana: nani ana mzazi mgonjwa, nani ana mchumba anayeanza kuandika barua fupi fupi. Palikuwa na uongo kidogo na ukweli mwingi. Jioni hakuna aliyetazama tamthilia. Mtunzi, akiwa hana bangili za kusoma isipokuwa chache, alitoa sehemu ambayo mabaharia wote wa Upeo wamekaa tu wanatazama dirishani, na nahodha anauliza, "Jamani, kuna mtu ana la kusema?" Niliidhinisha. Ilikuwa kweli tupu.

Na watu wakaanza kujitolea. Nyamizi alikuwa wa kwanza. "Kisima changu kimebakiza kidogo kufika kwenye maji," alisema. "Nikimwachia mtu mwingine ayaone kwanza, nitakufa kwa wivu." Wakafuata wengine, kila mmoja na sababu zake, nyingine za heshima, nyingine za ajabu. Mkesha wa Krismasi idadi ikatimia, tena ikatimia vizuri, watu wamechoka lakini wanacheka.

Hapo Ombeni akasimama.

"Na mimi nabaki," alisema.

"Kaa chini, shemeji!" Nilijisikia napiga ukelele. "Wametosha! Hakuna aliyekuomba!"

"Hakuna wimbo leo, Aichi." Aliinua mkono kuonyesha bangili yake; yeye hakuwa ameivua. "Ni mimi mwenyewe."

Akaenda akaweka dole mbele ya watu wote, na nafasi yake ya kurudi akapewa mtu mwingine, awe tayari kuondoka iwapo Ombeni hatabadili nia kabla meli haijatua. Nilitamani kumpiga na kiti.

* * *

Asubuhi ya Krismasi niliamshwa na mlio wa bomba. Nyamizi alikuwa amelifanya tarumbeta, na nyuma yake korido nzima ilijaa watu wenye nyuso za usingizi wakiimba Wimbo wa Zizini. Nyamizi ni Mnyamwezi wa Tabora, wimbo huo aliujulia kwenye tamthilia, lakini wenzetu wawili kutoka Machame walikuwa wamemfundisha usiku kucha: ukifika mstari wa mwisho, nyamaza. Si kazi yako kujibu.

Wakapita mlango kwa mlango. *Nani yumo?* Kimya. Halafu kutoka ndani: "Tumo! Lakini mna sauti mbaya!" Mlango mwingine: "Simo, nendeni zenu!" nao wakaanza upya mpaka akafungua akicheka. Niliingia kundini nikiwa na kanga yangu ya kulalia. Sikuwa nimesikia wimbo ule ukisubiri jibu tangu nitoke nyumbani, na furaha iliyonipata ilikuwa yangu mwenyewe, hakuna aliyenipimia.

Tulipofika kwa Mzee Senzighe baadhi walitaka tupite. Nyamizi akasema hapana, nyumba ni nyumba. Tukaimba. Tukaanza upya.

"Nimo," ilisema sauti ya ndani. "Nimo peke yangu."

Tukaingia. Alikuwa na kahawa ya kweli, nayo siku hiyo ikanywewa yote.

Mlango wa Ombeni haukujibu. Tuliimba tena. Tukaimba mara ya tatu. Mtu wa Machame kunyamaza asubuhi ya Krismasi, huku waimbaji wamesimama mlangoni, ni jambo ambalo sikuwahi kuliona. Niliwaambia wenzangu watangulie jikoni, kiburu, ule mseto wa ndizi za migomba yetu mifupi ya banda la kioo, kinapoa. Kisha nikasukuma mlango bila hodi.

Alikuwa amekaa kitandani, begi limefungwa miguuni pake, hajalifungua.

"Shemeji, wewe ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi ni mkorofi."

Hakucheka. "Wimbo haukunidanganya, Aichi," alisema. "Usimlaumu Mzee kwa ajili yangu. Wimbo ulinipa kisingizio tu. Kila meli ikikaribia naota ndoto ile ile. Nafika getini, mtoto ananitazama, anajificha nyuma ya mama yake. Hatoki. Namwita, hatoki. Hapa mimi ni Ombeni, nikigusa mwamba najua maji yako wapi. Kule mimi ni picha ukutani. Picha haikosei. Nikifika nitaanza kukosea siku ya kwanza."

"Dada anajua?"

"Dada yako anadhani nachapa kazi."

Nilitoka.

Nakiri sikwenda jikoni. Nilikwenda kwenye chumba changu, nikafunga mlango, nikamwambia Mtunzi: nitengenezee sehemu moja, ya mtazamaji mmoja. Baba anarudi nyumbani baada ya miaka. Mtoto anamkimbilia. Tia wimbo karibu na mwisho.

Bangili ya Ombeni ilikuwa bado mkononi mwake. Mtunzi alijua moyo wake kuliko mimi, kuliko dada yangu. Sehemu ikawa tayari kabla sijakaa vizuri. Kulikuwa na geti, na uwanja uliofagiliwa, na mtoto mwenye meno mawili yaliyong'oka anayetoka mbio mikono wazi. Ningemwonyesha mara moja tu, angekwenda mwenyewe kulifuta jina lake kati ya wanaobaki, na angefika nyumbani akidhani ni uamuzi wake. Nsia angempata baba. Dada angempata mume. Ni nani angeumia?

Kidole changu kilikuwa juu ya idhini. Nilikaa hivyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Niliwaza jinsi nilivyosimama kwenye ofisi ya Mzee Senzighe na midomo yangu mirefu, nikimfundisha habari za mgonjwa na sindano. Yeye alitaka watu wasife. Mimi nilitaka shemeji yangu arudi. Kumbe kila mtu ana mgonjwa wake anayemtaka alale kwanza. Nilijionea aibu, nikakasirika, nikamkasirikia Ombeni kwa kunitia majaribuni, kisha nikaifuta sehemu ile na kuzima mtambo kabisa, taa zote, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Nikarudi kwake.

"Nimetengeneza sehemu ya kukurudisha nyumbani," nilimwambia. "Nimeifuta."

Alinitazama. Nikadhani atanifukuza, na haki angekuwa nayo. "Ilikuwa nzuri?"

"Sana. Ulikuwa na nywele."

Akapapasa kipara chake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka, kidogo, kwa puani.

"Mficha uchi hazai, shemeji," nilisema.

"Mimi nimeshazaa. Ndiyo taabu yenyewe."

"Basi mwambie huyo uliyemzaa. Yale yale uliyoniambia mimi. Usiongeze, usipunguze. Ukishamwambia na bado ukataka kubaki, baki. Sitakusumbua, na dada nitamweleza mimi."

Alikataa. Akasema mtoto wa darasa la kwanza haelezwi mambo ya watu wazima. Nikamwambia mtoto wa darasa la kwanza ndiye peke yake katika ukoo wetu asiyejua kudanganya. Akaomba nitoke nje. Nikatoka, nikasimama koridoni, nikasikia sauti yake nyuma ya mlango ikianza, ikikatika, ikianza tena.

* * *

Ujumbe kutoka Mirihi unachukua muda kufika Duniani na jibu linachukua muda uo huo kurudi. Hakuna ujanja wa kuuharakisha. Mwanga wenyewe ndio unaotembea. Niliagiza kiburu tukala chumbani kwake, au tuseme mimi nilikula naye akachezea kijiko. Kutoka jikoni tulisikia bomba la Nyamizi. Ombeni aliuliza mara mbili kama nina hakika ujumbe umekwenda. Akauliza kama unaweza kurudishwa njiani.

"Maji yakimwagika, shemeji."

"Najua. Nauliza tu."

Kioo cha mawasiliano kikawaka.

Nsia alikuwa jikoni kwa dada yangu, amesukwa nywele mpya za Krismasi, gauni la njano limeshadondokewa na mchuzi. Kulikuwa na kelele za wajomba na sufuria. Alikuwa amesimama karibu mno, tunaona zaidi paji la uso kuliko uso.

"Shikamoo baba," alisema. "Shikamoo mama mdogo. Mama amesema niseme ninachotaka, yeye ametoka nje, analia lakini amesema si kwa ubaya." Akameza alichokuwa anatafuna. "Baba, nimesikia. Hata mimi nakuogopa. Mama anasema wewe ni mrefu."

Ombeni alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili.

"Lakini mimi sijifichi nyuma ya mama," Nsia aliendelea, kwa sauti ya mtu anayerekebisha kosa la mwenzake. "Wakija wageni najificha nyuma ya friji. Pale." Akageuka akaonyesha kwa kidole, friji jeupe na ufa mwembamba kati yake na ukuta. "Kwa hiyo ukifika na hunioni, ujue niko pale. Usiniite. Bibi akiniita ndiyo nakaa zaidi. Wewe kaa kwenye kiti, unywe chai, ujifanye hunitafuti. Nitatoka mwenyewe." Akafikiri. "Usimalize mandazi."

Kioo kikazimika.

Ombeni aliurudisha ujumbe mwanzo akautazama tena, na alipofika kwenye friji akausimamisha, akasogea karibu, akapima ule ufa kwa macho kama anavyopima mwamba kabla ya kuutoboa.

"Pamebana," alisema.

Akajifuta uso kwa kiganja, akainuka, akavaa viatu. Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Kwa Mzee, alifute jina langu kati ya wanaobaki kabla hajalituma kwa kampuni," alisema. "Halafu jikoni. Wanywaji wa chai wa Machame tuna haraka sana, shemeji. Nahitaji kujifunza kunywa polepole."